Anayekimbia umati asiubebe mgongoni

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema wageni njooni nyote siku moja, mahali pamoja na kwa sababu moja. Lau wangaliiona Lamu katika wiki ya mwisho ya mwezi wa Desemba, labda wangaliiongezea methali hiyo kipande kingine.

Mpenzi msomaji, si siri kwamba kila mwaka yafikapo majira ya kaskazi, watu wa bara na wa ng'ambo hufungasha virago na kumiminika pwani. Wengi huishia Diani, Mombasa, Watamu na Malindi. Wachache ambao hujidhani kuwa werevu zaidi husema: "La, mimi sipendi msongamano. Mimi nitakwenda Lamu." Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwa mmoja wa werevu hao. Naomba nikiri kosa langu mapema, kwani ndilo lililonifunza haya ninayoyasema leo.

Miaka kadhaa iliyopita nilifika Lamu siku tatu kabla ya mwaka mpya. Nilikuwa nimeahidiwa kisiwa cha ukimya, kisiwa kisicho na msururu wa magari, mahali ambapo punda ndiye mwenye njia na binadamu ndiye anayepisha. Hayo yote niliyakuta. Jambo ambalo sikuwa nimelitarajia ni kwamba katika kijiji cha Shela, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu kutoka mjini, vyumba vilikuwa vimejaa pomoni, ngoma za disko zilikuwa zikirindima hadi usiku wa manane, na ufuoni mtu hakuweza kutandika taulo lake bila ya kugusa la mwenzake.

Kesho yake alfajiri nilimwendea nahodha mmoja aliyekuwa ameketi ukingoni mwa maji, mtu wa makamo aliyevaa kikoi na kofia iliyodarizwa kwa mkono. Baada ya maamkizi nilimwambia, "Nahodha, nipeleke mahali pasipo na watu." Alinitazama kitambo, kisha akaniuliza kwa upole, "Pasipo na watu ni wapi, bwana? Hapa kila mchanga una wenyewe." Hata hivyo hakuninyima. Alitweka tanga, tukavuka mkono wa bahari hadi Ras Kitau, upande wa kisiwa cha Manda, akanishusha.

Kwa muda wa saa mbili nilijiona sultani wa ufuo ule. Kisha ikaja mashua ya pili. Ikafuata ya tatu. Kufikia adhuhuri palikuwa na mashua saba zimetia nanga, na kila moja ilikuwa imemleta mtu au kikundi cha watu waliokuwa wamemwomba nahodha wao awapeleke mahali pasipo na watu. Tulitazamana kwa jicho la chuki, kama wezi waliokutana ndani ya nyumba moja. Nahodha wangu, aliyekuwa akichoma samaki kivulini, alicheka kidogo na kusema, "Hao wote, bwana, wamekimbia watu."

Maneno hayo yalinichoma kuliko jua la siku ile. Nilikuwa nimekuja na dhana kwamba umati ni watu wengine, nami ni msafiri. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa na dhana iyo hiyo kifuani mwake, na dhana hiyo hiyo ndiyo iliyotukusanya sote mahali pamoja.

Wala hili si jambo la Lamu pekee. Nchini Thailand kuna ghuba ndogo iitwayo Maya, katika kisiwa cha Phi Phi Leh. Mnamo mwaka wa 2000 ilionyeshwa katika filamu ya The Beach, ambayo kisa chake ni cha vijana wanaotafuta ufuo wa siri usiojulikana na watalii. Watazamaji walioipenda filamu hiyo wakafunga safari kwenda kuutafuta ufuo wa siri, kila mmoja kwa siri yake, hadi wakawa maelfu kwa siku moja. Matumbawe yakaharibika kwa nanga na kwa nyayo, na mnamo Juni 2018 serikali ya nchi hiyo ikalazimika kuifunga ghuba. Haikufunguliwa tena hadi Januari 2022. Mwaka uo huo wa 2018 nchi ya Ufilipino nayo ilikifunga kisiwa chake mashuhuri cha Boracay kwa muda wa miezi sita, kwa kuwa maji taka yalikuwa yakimiminwa baharini. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Sisi tumekwisha kutia maji? Hebu tuitazame historia ya karibuni ya Lamu. Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wa Ulaya na Marekani waliochoshwa na miji yao walianza kuwasili katika mji huu wa kale. Walifuata ukimya. Walipoongezeka, waliowafuata waliuona mji umejaa, wakahamia Shela, kijiji kilichokuwa cha wavuvi na cha wanazuoni. Baadaye wenye fedha wakanunua magofu na nyumba za mawe, wakazikarabati kwa ustadi, na bei ya kiwanja ikapanda hadi kijana aliyezaliwa pale akawa hawezi kujenga karibu na kwa mamaye. Sasa wapo wanaosema Shela imejaa, na macho yao yameelekea Manda, Kipungani na Kiwayu. Kila wimbi la wakimbiao umati huuacha umati nyuma yake, kisha hulalamika kwamba mahali pameharibika.

Laiti hasara ingekuwa ya utulivu peke yake, ningenyamaza. Lakini nyuma ya Shela kuna vilima vya mchanga ambavyo mgeni huvipanda jioni ili kulitazama jua likizama. Wengi hawajui kwamba vilima hivyo ni hazina ya maji. Mvua inyeshapo, mchanga huyachuja maji na kuyahifadhi chini, na kutoka huko mji wa Lamu hupata sehemu kubwa ya maji yake matamu. Kila nyumba ya anasa inayojengwa juu ya mchanga huo, kila shimo la choo linalochimbwa hapo, na kila kidimbwi cha kuogelea kinachojazwa, ni mkono uliotiwa ndani ya mtungi wa mji mzima. Mgeni akiondoka huenda akayapata maji kwao. Mwenyeji ana kisima hicho tu.

Sasa msomaji ataniuliza: Je, unatuambia tusiende? Hasha! Nasema twendeni, tena kwa wingi wa mwaka mzima, lakini tujifunze kwenda. Nijuavyo mimi, umati hauletwi na idadi ya watu peke yake. Umati ni watu wanaofika mahali kwa saa moja, kwa pupa moja, wasimjue mwenyeji na wasitake kumjua. Sokoni Lamu asubuhi kuna watu tele, wala hakuna anayeona kwamba amesongwa, kwa kuwa kila mtu anasalimiana na mwenzake na ana shughuli yake. Ufuoni tulikuwa mashua saba tu, na tulisongana. Kwa hiyo anayetaka kuukwepa umati hana haja ya kuwakimbia watu. Ana haja ya kuacha kuwa umati.

Nililifahamu hilo niliporudi mara ya pili, mwezi wa Juni, wakati wa kusi. Baadhi ya nyumba za wageni zilikuwa zimefungwa, bahari ya nje ilikuwa imechafuka, na manyunyu yalikuwa yakija na kwenda. Mji ulikuwa wa wenyewe. Nilipanga chumba mtaani Mkomani, katika nyumba ya mawe ya matumbawe yenye dari ya boriti za mikoko, na kazi yangu kubwa ikawa kukaa. Asubuhi nilikula mahamri kwa mbaazi. Alasiri nilikaa kwenye baraza, kahawa tungu mkononi, nikiwasikiliza wazee. Mmoja wao alinieleza kwamba njia kuu wanayoipita watu wote huitwa Usita wa Mui. Mwingine alinionyesha Ngome, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, ikawa gereza hadi mwaka wa 1984, na sasa ni makumbusho. Katika siku tano nilijifunza mengi kuliko yale niliyoyapata katika likizo yangu ya kwanza, na gharama yake ilikuwa nusu.

Mzee mmoja alinisimulia pia habari za vita vya Shela, vilivyopiganwa mwanzoni mwa karne iyo hiyo ya 19. Majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yalishuka Shela ili kuishambulia Lamu. Waamu waliwarudisha nyuma, na wavamizi walipokimbilia vyombo vyao wakavikuta vimekwama mchangani, maji yamekupwa. "Walikuja bila ya kuuliza habari za maji, mwanangu," mzee akasema, kisha akanitazama kwa namna ambayo ilinifanya niinamishe kichwa. Sijui kama alikuwa akisema juu ya wapiganaji wa zamani au juu yetu sisi wa taulo na miwani ya jua.

Kwa hakika, katika visiwa vile maji ndiyo yenye ratiba. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, yalikuwa mji uliostawi kati ya karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa, na wenyeji wake wakavuka na kukaa Shela. Mashua huingia huko kwa mkono wa maji unaopita katikati ya mikoko, na huingia wakati wa maji kujaa tu. Mwenye haraka hukwama. Mwenye subira huingia taratibu, na akifika huenda akajikuta peke yake kati ya kuta za msikiti wa kale, asisikie ila upepo na ndege. Sijapata kuona mlinzi bora wa mahali patakatifu kuliko bahari inayokataa kuharakishwa.

Nilikwenda Pate vilevile. Sikukodi chombo cha peke yangu. Nilipanda mashua ya abiria iendayo Mtangawanda, nikaketi kati ya magunia ya unga, mitungi ya gesi, mbuzi wawili na wanafunzi waliokuwa wakirejea kwao. Tulichelewa kwa sababu ya maji, na hakuna aliyeghadhibika. Kutoka gatini nilichukua pikipiki hadi Siyu. Huko sikumkuta mtalii hata mmoja, lakini siwezi kusema kwamba nilikuwa peke yangu. Mtoto wa kwanza aliyeniona alinipeleka kwa mzee wa mtaa, na mzee akanihoji kwa adabu: Natoka wapi? Nimekuja kwa nani? Nimekuja kwa shughuli gani? Nilipojibu ndipo nilipokaribishwa chakula. Niliona ngome ya Siyu, iliyojengwa karne ya 19, nikamwona fundi wa ngozi akishona makubadhi kwa ufundi ambao Siyu imejulikana nao kwa vizazi vingi. Nilinunua jozi moja kwa bei aliyoitaja mwenyewe, wala sikuona haya kutopatana.

Kisiwa hiki si uwanja mtupu unaosubiri kugunduliwa. Shanga, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua katika miaka ya 1980, walikuta dalili za msikiti wa karne ya 8. Mwana Kupona binti Msham, mtunzi wa utendi maarufu wa mwaka wa 1858 aliomtungia binti yake, alikuwa mtu wa Pate. Naye Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya majumba ya matajiri wa Pate, akatunga Al-Inkishafi ili kuionya nafsi yake juu ya ulimwengu unaopita. Watu waliokwisha kuandika hayo hawahitaji mgeni aje kuwaambia kwamba kijiji chao ni cha siri.

Hapa ndipo penye mtego, nami nautegua mbele ya msomaji. Huenda mtu akayasoma haya, akasema, "Vyema! Shela imejaa, basi sasa ni Siyu." La, ndugu yangu! Hapo utakuwa umeubeba umati mgongoni na kwenda kuushusha mahali pasipoweza kuuhimili. Sehemu nyingi za Pate hutegemea maji ya mvua yanayokusanywa katika majabia. Mgeni anayeoga mara tatu kwa siku huko anaoga maji ya kunywa ya watoto. Nenda Siyu ukiwa mmoja au wawili. Nenda ukiwa umetuma salamu mbele. Ufuate mavazi ya heshima, uulize kabla ya kumpiga mtu picha, na ukiambiwa leo haifai, rudi bila ya kununa.

Natambua kwamba kuna pingamizi lenye nguvu, na si haki kulipita. Nahodha yule wa Ras Kitau ana watoto. Umati wa Desemba ndio ulipao karo ya Januari. Nani mimi, mwenye mshahara wa mjini, nimwambie kwamba wageni ni wengi mno? Aidha, Lamu imeonja ubaya wa kukosa wageni. Baada ya utekaji nyara wa mwaka wa 2011, baada ya mauaji ya Mpeketoni mnamo Juni 2014, na tena wakati wa korona mnamo mwaka wa 2020, mashua zilikaa ufuoni na hoteli zikafungwa milango. Aliyeona njaa hiyo hawezi kuusema vibaya umati kwa wepesi.

Nakubali yote hayo, na ndiyo sababu nasema ninayosema. Biashara inayotegemea wiki mbili za Desemba na siku chache za Pasaka ni chombo chenye tanga moja bovu. Likipasuka, wote huzama. Lau wageni wale wale wangegawanyika katika miezi kumi, nahodha angepata kidogo kila wiki badala ya kingi mara moja kwa mwaka. Lau wangelala mjini na si ufuoni pekee, mpika mahamri wa Langoni angepata. Lau wangetembea hadi Matondoni, wakawaona mafundi wakiunda vyombo, au hadi Kipungani wakanunua mikeka kwa akina mama wanaoisuka, fedha zingeingia mikono ambayo kwa sasa hazifiki. Tukiutawanya umati hatumnyang'anyi mtu mkate wake. Tunaukata mkate vipande vingi zaidi.

Kwa upande wao, wenye mamlaka wana deni pia. UNESCO iliutia mji wa kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mnamo mwaka wa 2001, na sifa hiyo si pambo la kubandika kwenye matangazo. Ni ahadi ya kulinda. Vilima vya mchanga vya Shela na vilindwe kwa vitendo, na anayejenga juu ya maji ya mji asimamishwe bila ya kuulizwa jina lake ni kubwa kiasi gani. Mashua za abiria ziendazo Pate na Kiwayu ziwe na majaketi ya kuokolea maisha, kwani anayezipanda kila siku ni mwenyeji, si mtalii. Kisha wenyeji wenyewe waulizwe, kijiji kwa kijiji, wangependa wageni wangapi, lini, na kwa masharti gani. Huko upande wa bara, gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilizinduliwa tarehe 20 Mei 2021. Watu watakaofika eneo hili miaka ijayo watakuwa wengi kuliko wa jana. Maji yakijaa hayapigi hodi.

Nasi wasafiri wa humu nchini tusijitoe. Tumezoea kuulaumu umati wa Wazungu, ilhali siku za mwaka mpya waliokuwa wakirindimisha ngoma Shela walikuwa wetu, nami nilikuwa kati yao. Tukienda Lamu, tuchague mwezi ambao si wa kila mtu. Tukae siku nyingi mahali pamoja badala ya siku moja mahali pengi. Tuulize habari za maji kabla ya kutia mguu chomboni. Tujifunze salamu za pale, maana Kiswahili cha sanifu tulichokipata darasani kilikopa mengi kwa pwani hiyo, na mkopaji anapomtembelea aliyemkopesha huingia kwa adabu.

Siku ya kuondoka kwangu mara ile ya pili, nilimkuta nahodha wangu gatini akikwangua ganda la mashua yake. Alinitambua. Aliniuliza kama safari hii nimepata mahali pasipo na watu. Nilimwambia kwamba sikupatafuta, na kwamba nilikuwa na watu kutwa kucha. Akatabasamu, akanipisha kando ya mashua yake nipate kivuli, tukakaa tukingoja maji yajae.